Ndani ya Bitana

Kazi yangu ni zipu.
Miaka ishirini na sita, Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
mlango wa pili toka kwa muuza vifungo,
naletewa masanduku yaliyokwenda.
Mimi siendi. Mimi nashona.

Begi halifichi.
Nikiligeuza na kulikung'uta linataja lilikolala:
vumbi jekundu la Biharamulo lisilotoka hata kwa petroli,
mbegu ya chungwa, hiyo Muheza,
magamba ya dagaa, Kigoma hiyo, usinibishie;
na siku moja, kwenye mfuko wa pembeni,
ua dogo la manjano, limekauka,
limekunjwa ndani ya risiti ya nyumba ya wageni, Makete.
Nikalinusa. Halikunukia kitu.
Ndiyo siku niliyoanza kuandika.

Karatasi sikuwa nayo. Nilikuwa na chaki ya fundi
na sanduku la kijivu la bwana Kisamo
aliyesema "narudi Jumatano",
Jumatano zikapita kama mia na arobaini.
Nikaandika humo, kwenye bitana nyeusi:

Makete, niyaone hayo maua yakiwa hai.
Ujiji, nile mgebuka palepale ziwani.
Kondoa, ile michoro ya mwambani:
aliyeichora alikuwa fundi, hakulipwa,
kama mimi kwa Kisamo.
Mafia, papa potwe. Kumwona tu. Kuogelea naye, hapana.
Tukuyu, mvua. Nasikia kule haiombwi.
Popote penye baridi ya kuvaa makoti mawili
na mtu asikuulize unaumwa nini.

Zawena alifungua sanduku akitafuta mkasi, akasoma yote.
"Na Kigamboni je?
Dada yako kajenga pale ng'ambo, mwaka wa tisa huu,
umewahi kulala hata siku moja?"
Sikumjibu. Mtu akikugusa penye kidonda
humshukuru, wala hupigi kelele.
Akachukua chaki, akaongeza kwa mwandiko wake wa kulala:
Kisiju, kilikozikwa kitovu changu.
Twende wote. Usinitangulie.

Chaki haina adabu.
Kila nikifungua, Tukuyu imefifia,
herufi zinanibaki vidoleni,
Kondoa ikawa Kondo, ikawa Ko.
Mwaka wa kwanza nilizikoleza zote.
Wa pili, nne.
Hapo nikajua zipi nazitaka mwenyewe
na zipi nilizitaka kwa kuwa wateja
walizitaja wakiringa.

Juzi, saa tano, bati linachemka, Kisamo huyo.
Kanenepa. Kaomba radhi, katoa elfu kumi na mbili,
kavuta zipu mara tatu,
ikateleza kama ulimi wa dalali.
Nilitaka kusema ngoja, nifute kwanza.
Sikusema. Alikuwa anawahi basi la Tunduma.

Basi orodha yangu imesafiri,
mimi nimebaki na elfu kumi na mbili.
Huenda huko atapekua akitafuta soksi
akute mke wa mtu anamwambia usinitangulie.
Nilicheka peke yangu
hadi muuza vifungo akachungulia.

Jioni niliifunika cherehani mapema,
nikaenda stesheni, nikapanga foleni,
nikauliza nauli ya Kigoma. Kuuliza tu.
Binti wa dirishani hakuinua macho:
"Unasafiri lini?"

Lini.
Miaka yote hiyo niliandika wapi.
Nyuma yangu watu wakaanza kuguna.

Usiku tukatandika karatasi mezani, na kalamu ya wino.
Zawena akasema usianze na mbali, utachoka kabla ya kuondoka.
Nikaandika: Kisiju. Jumamosi.
Mkono ulitetemeka kwenye Jumamosi.

Kisha tukalitoa uvunguni begi la nyumba hii,
moja tu, la harusi yetu, bado lina lebo.
Nikalivuta.
Zipu mbovu.